Nusu Sauti Chini

Waliileta kwa mkokoteni, watu wanne na kamba ya katani,
kutoka stoo ya kanisa hadi kibandani kwangu, Isevya.
Mzee wa kanisa, Kasanzu, akasema: "Lugendo,
si wewe unayetengeneza vitanda?
Basi hiki nacho ni kitanda, ila kina nyuzi."
Nikasaini daftari: piano moja, mbovu.

Siku ya kwanza sikuigusa. Niliizunguka tu,
kama mtu azungukavyo ng'ombe mnadani akificha fedha zake.
Siku ya pili nikafungua ubao wa chini:
kiota cha panya kilichofumwa kwa kurasa za tenzi,
kilichosomeka bado ni namba peke yake.
Pini ya nywele. Senti ya tundu.
Na mchwa: walikwisha kuula mguu wa kushoto
wakaiacha rangi imesimama yenyewe,
kama cheo cha mtu aliyekwishaondoka.

Mguu nikauchonga upya, wa mninga.
Ufa wa kifuani nikauziba kwa kabari
nyembamba kama ukucha, na nta ya Sikonge.
Kibanda kikanukia asali wiki nzima;
nyuki wawili wakaja kuuliza.

Nyundo zilikuwa na vipara.
Sufu nzito ya namna ile Tabora haiuzwi.
Mama akaingia ndani, akatoka na koti la baba,
koti la reli, la zamu za usiku,
bado lina vifungo vya shaba na harufu ya dizeli.
"Yeye hana baridi tena," akasema,
akanipa na mkasi.
Nilikata mgongo kwanza. Mikono sikuweza.
Mikono ipo msumarini hadi leo.

Vibao vyeupe ni pembe. Vitano vilikuwa vimebanduka ganda,
nikavipa mfupa wa ng'ombe, wa buchani kwa Maganga,
nikausugua kwa msasa, kisha kwa majivu,
na katikati ya kusugua mkono ukasimama.
Babu yake babu alikuwa mpagazi.
Alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani,
akarudi na kaniki moja
na bega lililoshuka, halikupanda tena.
Pembe ilikwenda wapi, sijui. Huenda si hii.
Huenda ni hii: ikavuka maji, ikachanwa vipande,
ikabandikwa, ikarudi kwa treni
ikiipita njia ileile aliyoikanyaga,
ikamwimbia Mungu miaka mingi
na hakuna aliyemtaja mwenye bega.
Nikaweka kidole. Baridi.
Nikaendelea na kazi.

Mwalimu Perusi wa kwaya akaja na uma wake wa chuma,
akaugonga gotini, akausimamisha juu ya mbao.
"Hii ndiyo la. Ifikishe hapa."
Nikakaza, robo ya robo.
Waya wa tatu ukakatika, ukanichapa shavuni; alama ninayo.
Nikaweka spana chini.
"Mwalimu, chuma hiki kimechoka. Ukikivuta hadi hapo
kitapasuka. Kinakubali nusu sauti chini, basi."
"Na kwaya yangu je?"
"Kwaya ina makoo. Makoo hayashiki kutu. Shukeni nyinyi."

Alinuna siku tatu. Ya nne akaniletea karanga.

Jumapili wakashuka.
Sauti ya kwanza wakapumua, mishipa ya shingo ikalala;
sauti ya nne wakachimba kwenda chini
kama watu wa kisima wakati wa kiangazi,
mmoja akakosa maji, akanyamaza, akangoja ubeti.
Mimi nilikaa nyuma kabisa
nikikiwaza kibao kimoja,
cha mwisho kushoto, ambacho hakuna wimbo unaokifikia.
Nyundo yake niliivika sufu ya chini ya mfuko,
pale alipokuwa akiweka filimbi.

Ibada ikaisha. Watu wakawa wanatafuta viatu na watoto.
Kijukuu cha Kasanzu kikapanda kiti
kikakipiga kile kibao kwa ngumi.

Kikaunguruma.

Mama alikuwa amefika mlangoni.
Akageuka.